Jambo Ndani ya "Sijambo": Lugha ya Kumsaidia Mtu Anayefikiria Kujiua

1.0 Utangulizi

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 727,000 walijiua duniani katika mwaka 2021, na takriban asilimia 73 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulishika nafasi ya tatu katika orodha ya visababishi vya vifo. Takwimu hizi zinapingana na dhana ya zamani, iliyopendwa na baadhi ya waandishi wa enzi ya ukoloni, kwamba Mwafrika hajiui kwa kuwa ukoo humbeba. Dhana hiyo ilitiliwa shaka tangu mwaka 1960, Paul Bohannan alipohariri kitabu kuhusu uuaji na kujiua katika Afrika, ambamo Wasoga, Wagisu, Wanyoro na Waluo ni miongoni mwa jamii zilizochunguzwa. Hata hivyo, dhana haifi kwa kukanushwa vitabuni. Bado tunasikia, hata vyuoni, kwamba jambo hili si la kwetu.

Makala haya hayakusudii kueleza kwa nini watu hujiua. Swali hilo limeshughulikiwa na wengi tangu Durkheim (1897), na jibu lake aghalabu huwa mchanganyiko wa mambo: sonona na maradhi mengine ya akili, ulevi, madeni, maumivu yasiyokoma, fedheha, kufiwa, ukatili wa nyumbani. Tunakusudia kuchunguza jambo dogo zaidi, yaani mazungumzo baina ya mtu aliyemo katika dhiki hiyo na mtu wa kwanza anayekutana naye. Mtu huyo wa kwanza kwa kawaida si daktari. Ni jirani, mwalimu, shangazi, au mwenzi wa chumba bwenini. Kwa watu wengi wa eneo letu mazungumzo hayo hufanyika kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo yanaihusu idara ya Kiswahili kama yanavyokihusu kitivo cha tiba. Hoja yetu ni kwamba adabu ya mazungumzo ya Kiswahili humzuia mwenye dhiki kusema na humzuia msikilizaji kuuliza. Lakini katika Kiswahili hicho hicho zimo njia za kusema na za kuuliza ambazo hatujazitumia vya kutosha.

2.0 Salamu na kinachofuata "ila"

Salamu ya "hujambo" kwa asili yake ni ya ukanushi: je, huna jambo? Jibu lake, "sijambo", ni tamko kwamba msemaji hana jambo. Hakuna anayejibu "nina jambo"; jibu hilo halimo katika kanuni. Vivyo hivyo "habari" hujibiwa "nzuri", "njema" au "salama", hata kama anayejibu ametoka kuzika. Mwenye neno baya hulitanguliza jema: "Nzuri, ila mtoto haamki kitandani." Wageni wanaojifunza Kiswahili hustaajabia mpangilio huu, nasi walimu huwaeleza kuwa ni adabu. Ni adabu kweli. Lakini una matokeo yake. Habari mbaya katika Kiswahili hukaa upande wa pili wa kiunganishi, baada ya "ila", "lakini" au "isipokuwa", na mtu anayesalimia kwa haraka huwa amekwisha kupita kabla kiunganishi hakijatamkwa.

Hali huwa nzito zaidi panapokuwa na tofauti ya umri au cheo. Kijana huamkia "shikamoo", mkubwa huitikia "marahaba", pengine huongeza "hujambo", kijana hujibu "sijambo", na zamu zimekwisha. Mkubwa ndiye mwenye haki ya kuendeleza mazungumzo. Asipoyaendeleza, kijana hana pa kuliweka jambo lake.

Naomba kutoa mfano ninaoujua mwenyewe, na ambao mhusika ameniruhusu kuuandika. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi ambaye nilikuwa nikisimamia tasnifu yake aliingia ofisini kwangu, akaniamkia, nami nikamwuliza habari za kazi. Akasema: "Salama, mwalimu, ila nimechoka tu." Nikamjibu kama inavyojibiwa: "Pole. Kapumzike, utamaliza." Akashukuru, akaondoka. Juma lililofuata nilimkuta wodini. Alinusurika, na baadaye aliniambia kwa upole, bila kunilaumu, kwamba siku ile alikuwa amekuja kuniaga.

Tangu hapo nimelifikiria sana neno "nimechoka". Kisarufi ni kitenzi cha kawaida katika hali timilifu. Kimaana laweza kutamkwa na mtu aliyeshinda shambani, na laweza kutamkwa na mtu asiyetaka tena kuishi, na hakuna kiambishi cha kutofautisha hao wawili. Tofauti ingejulikana kwa swali ambalo sikuliuliza: umechoka na nini?

Semi za aina hii ni nyingi, na msomaji anazijua: "dunia imenishinda", "sioni mbele", "bora nisingezaliwa", "nitawapumzisha", "mtakuja kunikumbuka". Nyingine hazina hata dalili ya huzuni. Mtu huanza kurudisha vitu vya watu, kugawa vyake, kuomba radhi kwa makosa ya zamani ambayo kila mtu amekwisha kuyasahau. Kwa mtazamo wa adabu hayo ni mema, na huenda akasifiwa kwa kuyatenda. Inafaa pia kuangalia hali za vitenzi. Anayesema "ningekufa ingekuwa afadhali" amelitia jambo katika sharti, bado yuko katika kudhani. Anayesema "natamani nilale nisiamke" amefika kwenye matakwa. Anayesema "nitakapokuwa sipo" amekwisha kulihesabu jambo kuwa litatokea. Sidai kwamba viambishi ni kipimo cha ugonjwa. Mtu aweza kuwa katika hatari kubwa bila kutamka lolote kati ya haya, na mzee mwenye afya njema huweza kusema "nitakapokuwa sipo" anapogawa mashamba yake. Nadai tu kwamba msikilizaji ambaye Kiswahili ni lugha yake anazo dalili hizi masikioni, kama angezizingatia, na kwamba dalili yoyote kati ya hizo inatosha kumfanya aulize.

Mara nyingi, badala ya kuuliza, hutoa liwazo: "Jikaze." "Piga moyo konde." "Kila mtu ana mzigo wake." "Mbona fulani ana shida kuliko wewe?" "Mwanamume halii." Kauli hizi hutolewa kwa nia njema, nazo hutimiza kazi moja: kufunga mada. Mwenye dhiki huambiwa kwa njia ya adabu kwamba alilolisema limesikika na lisirudiwe. Hata methali yetu ya mficha maradhi, ambayo kifo humuumbua, humtwika mgonjwa mzigo wote wa kufichua, wala haimwulizi aliyekaa karibu naye alikuwa akitazama wapi. Kati ya maneno yetu yote ya faraja, ninaloliona la manufaa zaidi ni lile fupi kuliko yote, "pole", kwa sharti kwamba lifuatwe na kimya au na "enhe", wala si na ushauri. "Pole" haimwamuru mtu awe na hali nyingine. Kosa langu halikuwa "pole", lilikuwa "kapumzike".

3.0 Swali lenyewe

Watu wengi huogopa kwamba kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua ni kumpa wazo hilo. Hofu hii imechunguzwa. Jaribio lililofanywa miongoni mwa wanafunzi wa shule za sekondari katika jimbo la New York na kuchapishwa mwaka 2005 halikuona kwamba walioulizwa walizidi kufikiria kujiua kuliko wasioulizwa. Na mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2014 yalifikia hitimisho hilo hilo. Mwenye wazo hilo amekuwa nalo kabla ya kuulizwa, na aghalabu hupata nafuu kwa kukuta kuna mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kushtuka.

Lakini aulizwe kwa neno gani? Hapa Kiswahili kinatukabili na tafsida. Mauti yenyewe tunayo kwa majina mengi ya staha: kufariki, kuaga dunia, kutangulia, kuitwa. Kujiua hakuna staha ya namna hiyo, kwa hiyo tunakizunguka: "usije ukafanya jambo la ajabu", "usifanye ujinga", "hufikirii mambo mabaya, au siyo?" Mwenye dhiki akisikia "ujinga" hawezi tena kukiri, kwani atakuwa amekiri ujinga. Nayo maswali ya ukanushi yana tatizo jingine ambalo ni la Kiswahili hasa. Ukiuliza "hufikirii kujiua?", jibu la "ndiyo" kwa kawaida lina maana ya "ndiyo, sifikirii". Lakini kwa wasemaji wengine, hasa waliozoea lugha za kigeni shuleni, "ndiyo" hiyo hiyo yaweza kuwa na maana ya "nafikiria". Katika mambo ya sokoni utata huu huchekesha. Hapa unaweza kugharimu uhai. Tena swali la ukanushi hudokeza jibu linalotakiwa, na mtu mwenye adabu hutoa jibu linalotakiwa.

Kwa hiyo swali liwe la uyakinishi, liwe na kitenzi chenyewe, na liulizwe faraghani kwa sauti ya kawaida: "Watu wakielemewa hivi, wengine hufikiria kujiua. Wewe je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Kitenzi hiki kimetungwa kwa "ua" na kiambishi "-ji-" cha kujitendea, na ni kikali. Wapo watakaopendelea "kujitoa uhai", ambacho ni chepesi kidogo lakini bado hakina utata. Sioni ubaya wake. Ubaya uko katika maneno yanayomwezesha muulizaji kutouliza.

Jambo moja linalolifanya swali hili liogopwe halitokani na lugha bali na sheria. Kanuni za Adhabu zilizoletwa Afrika Mashariki chini ya utawala wa Waingereza zililitaja jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai: kifungu cha 226 nchini Kenya, kifungu cha 217 Tanzania Bara. Aliyenusurika aliweza kutoka kitandani na kuingia kizuizini, na familia zikajifunza kudanganya hospitalini. Uingereza yenyewe iliifuta sheria ya namna hiyo mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru na kubaki nayo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kinapingana na Katiba. Kwa upande wa dini mambo yalianza kulegea mapema zaidi: Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakiri kwamba maradhi ya akili na hofu kuu hupunguza wajibu wa aliyejiua, na inawataka waumini wasikate tamaa juu ya wokovu wake, na katika Uislamu, ijapokuwa kitendo chenyewe ni haramu, wanazuoni wengi wanaona kwamba maiti husaliwa. Msaidizi wa kawaida hahitaji kuyamudu mabishano haya. Ahitaji tu kujua kwamba anayemwuliza huenda anayaogopa yote kwa pamoja: polisi, kaburi, na jina la ukoo.

4.0 Nani mwenye ruhusa ya kuuliza

Si kila mtu anaweza kumwuliza kila mtu. Mkwe hawezi, baba mara nyingi hawezi, hata akitaka. Lakini jamii zetu ziliweka watu wenye kibali cha kusema yasiyosemeka. Mtani ni mmoja wao: huja msibani akatania jeneza, na hakuna anayemkemea. Somo au kungwi katika pwani alimfundisha mwari mambo ambayo mama mzazi hakuyatamka. Na zaidi ya wote, babu na bibi wana utani na wajukuu katika jamii nyingi za Kibantu. Mjukuu huweza kumwambia bibi jambo ambalo mamaye hatalisikia kamwe. Utani umeandikwa sana kama burudani na kama historia ya makabila. Haujatazamwa vya kutosha kama njia ambayo neno zito hupitia.

Mfano ulio wazi wa kuitumia njia hiyo umetoka nje ya eneo la Kiswahili, kwa majirani zetu Washona. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, aliyekuwa amempoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake ilikosa nauli ya kumfikisha hospitalini, alianza kazi katika mtaa wa Mbare mjini Harare pamoja na akina bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Bibi hukaa na mgonjwa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati na kuzungumza naye. Jambo linalowahusu wanaisimu ni hili: kazi hiyo haikutumia majina ya maradhi ya kitabibu. Ilitumia neno la Kishona "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi, na hatua ya kwanza ya mazungumzo ikaitwa "kuvhura pfungwa", kufungua akili. Utafiti uliohusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na wahudumu hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kiswahili nacho kina "kuwaza", "mawazo" na "msongo wa mawazo". Mtu akisema "ana mawazo", kila Mswahili anajua kwamba hatusifu akili yake. Neno hilo halina aibu ambayo "wazimu" au hata "ugonjwa wa akili" huibeba, na bila shaka ndilo mlango wa kuingilia. Wanaotafsiri vijitabu vya afya wangefanya vyema kuanza nalo badala ya kuanza na istilahi, ijapokuwa istilahi nazo zina mahali pake. Mimi mwenyewe nimekuwa nikiitumia "sonona" darasani kwa miaka mingi, na bado sijamsikia mgonjwa akiitamka.

5.0 Baada ya jibu

Tuseme ameulizwa, na amejibu "ndiyo". Wengi huanza hapo hapo kuhubiri, au kulia, au kuwaita jamaa wote. Kinachohitajika ni kuendelea kuuliza kwa utaratibu ule ule: tangu lini, amekwisha kupanga lolote, ana kitu alichokusudia kukitumia, kuna siku aliyoiweka. Jibu la kuwa amepanga na ana njia lina maana ya hatari ya sasa hivi. Mtu huyo asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuita gari. Aitwe mwingine, na afikishwe penye mganga wa hospitali siku hiyo hiyo. Vitu vya hatari viondolewe nyumbani au vifungiwe mbali naye. Kuna wanaodhani hatua hii ni bure, kwamba aliyekusudia hupata njia tu. Sivyo. Dhoruba kali ya wazo hili mara nyingi hudumu kwa muda mfupi, na kuikosa njia katika muda huo huokoa. Sri Lanka ilipiga marufuku sumu kali za kilimo mwaka 1995, na katika miaka 20 iliyofuata kiwango cha watu kujiua katika nchi nzima kilishuka kwa takriban asilimia 70.

Mwenye dhiki huenda akasema: "Niahidi hutamwambia mtu." Utamaduni wetu huiheshimu siri kama amana, na wengi wameahidi wakajuta. Jibu la kweli ni kwamba siri nyingine zote zitatunzwa, ila hii ya uhai haitabebwa na mtu mmoja; na kwamba watachagua pamoja nani aambiwe. Kumpa nafasi ya kuchagua ni jambo kubwa kwa mtu anayeona kwamba hana tena la kuchagua.

Kisha kuna siku zinazofuata, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazosahauliwa zaidi. Wakati wa msiba tunajua kukaa matanga. Kwa aliyenusurika hakuna matanga. Hurudi nyumbani, watu wakamkwepa kwa kutojua la kusema. Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti katika nchi tano, Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Nusu yao walipewa huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa maelezo ya muda wa saa moja, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliokufa kwa kujiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2, na katika kundi la pili asilimia 0.2. Ziara hizo hazikuwa tiba ya kitaalamu. Zilikuwa kile ambacho Kiswahili hukiita kujuliana hali, na lugha ambayo ina kitenzi cha kutendeana kwa jambo hili haina udhuru wa kulipuuza.

6.0 Magazeti na riwaya

Namna tunavyosimulia vifo hivi hubaki masikioni mwa walio hai. Kichwa cha habari cha magazeti yetu kina muundo unaojulikana: mtu, kitenzi chenye njia aliyoitumia, halafu neno "kisa" na sababu moja, kwa kawaida mapenzi au deni. Muundo huo hufundisha mambo mawili ya uongo, kwamba sababu ilikuwa moja na kwamba kitendo kilikuwa jibu lake. Mjini Vienna, baada ya waandishi wa habari kupewa miongozo mwaka 1987 na kuacha kuyaeleza matukio ya reli ya chini ya ardhi kwa madoido, matukio hayo yalipungua kwa kiasi kikubwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2010, watafiti wa mji huo huo walionyesha upande wa pili: habari za watu waliofikiria kujiua wakapata njia nyingine ziliambatana na upungufu wa vifo. Waliita athari hiyo kwa jina la Papageno, mhusika wa opera ya Mozart ya mwaka 1791, ambaye huzuiwa na watoto watatu wanaomkumbusha kwamba bado ana la kufanya.

Fasihi yetu ina wahusika waliojiua, na wawili kati yao tunawafundisha kila mwaka: Rosa katika Rosa Mistika (1971) na Kazimoto katika Kichwamaji (1974), riwaya zote za Euphrase Kezilahabi. Sipendekezi ziondolewe, riwaya ya kwanza ilikwisha kuonja marufuku mashuleni, na haikumsaidia mtu. Napendekeza tuzisome kwa swali jingine. Mitihani yetu huwataka wanafunzi wajadili sababu za kifo cha mhusika, na wanafunzi huorodhesha: malezi, usasa, falsafa ya kukata tamaa. Katika semina ya uzamili niliwahi kuwapa kazi tofauti, yaani kutafuta kila mahali ambapo mhusika mwingine alikuwa karibu, akasikia, na angeweza kuuliza. Walirudi na kurasa nyingi kuliko nilizozitarajia. Mmoja wao alibaki baada ya wenzake kutoka, akafunga daftari, akasema, "Mwalimu, mimi mwenyewe nimechoka." Nilivuta kiti.